Wali wa Nehemiah

Jeonju, Korea Kusini
18 Agosti 2024

Shangazi Nyamoita,

Bwakire buya, hata kama barua hii itakufikia jua likitua. Mimi ni mzima. Joto la huku ndilo limenishinda. Usiku nalala sakafuni na taulo lenye maji. Chai ya Gesima uliyonifungia imebaki robo kopo, sasa naipima kwa kijiko cha dawa. Na yule jogoo wako, bado anafukuza watu wa kanisa?

Sheria yako naikumbuka: simu ni ya mvua na magonjwa, mambo ya maana yaandikwe. Basi hili ni la maana.

Alhamisi ilikuwa Siku ya Ukombozi huku. Bendera kila ghorofa! Mimi msichana wa Gesima nikajua kazi ni moja. Nikaamka saa kumi na moja, nikapiga pasi gauni la kijani, nikatoka kutafuta uwanja. Nilitembea saa mbili nzima nikitafuta mahali pa kusimama juani nisomewe hotuba. Hakuna hema, hakuna watoto wa shule wakikariri mashairi, hakuna chifu na kofia yake. Watu walikuwa wamelala! Walioamka walikuwa wanakula barafu iliyosagwa, miguu juu ya kiti. Nikarudi nyumbani na gauni langu. Naa, msichana wa Accra ninayeishi naye, alinicheka mpaka akakaa chini.

Naa anasema kwao sikukuu kubwa ni ya mavuno, inaitwa Homowo, maana yake kuicheka njaa. Kabla yake ngoma hupigwa marufuku karibu mwezi mzima ili mazao yapate utulivu, kisha siku ikifika mji unalipuka. Wazee hupita wakinyunyiza chakula cha mahindi chini, waliokufa wale kwanza, walio hai wafuate.

Sasa shida yangu. Profesa anataka nisimame mbele ya darasa tarehe 12 Septemba niwaeleze sisi watu wa Kisii hufanya nini tukivuna. Nimekaa na kalamu jioni nzima na ninachojua ni kwamba tunakula. Nisaidie, Shangazi, na unisaidie upesi.

Mtoto wako,
Sheila


Gesima
8 Septemba 2024

Sheila mwanangu,

Barua yako imefika leo, imekunjwa vizuri na imeandikwa kwa aya. Mbuya mono. Miaka thelathini ya kufundisha darasa la sita haikupotea bure. Mimi ni mzima, goti la kushoto ndilo lina maoni yake. Mvua ipo. Jogoo ni mzima na wazimu wake pia ni mzima. Sabato iliyopita alimpandisha shemasi juu ya ukuta na Biblia yake.

Unauliza tunafanya nini tukivuna. Kweli wewe ni wa kuulizwa na profesa! Andika. Wimbi hukatwa kichwa kimoja kimoja kwa kisu kidogo, na anayekata haharakishwi. Huanikwa, hupigwa, hupepetwa, na majirani huja kusaidiana bila kuitwa mara mbili. Sabato ya shukrani tunapeleka kanisani ndizi, maboga, mahindi, kila mtu na alichojaliwa. Mwaka huu Kwamboka jirani yetu alipeleka kuku, akafunguka wakati wa maombi, akaingia chini ya mimbari na kutaga hapo hapo. Mchungaji alisema amina ikabidi sisi wote tuseme amina.

Na katika nyumba hii kuna desturi niliyoachiwa na mama yangu. Wimbi jipya la kwanza husagwa kwa jiwe, linapikwa obokima, linawekwa kwenye ekee, kile kikapu chetu cha ugali, na wanaokula ni watu wa nyumba hii peke yao. Mgeni hapati hata tonge. Mgeni hupikiwa wali. Si ubaya, wali ni heshima. Wewe mwenyewe ulifika hapa Agosti, una miaka saba, na ulikula lile wimbi kabla hujavua viatu. Tangu siku hiyo hujawahi kupikiwa wali wa heshima, na usitegemee.

Mwaka huu Mzee Nehemiah alikuja kunisaidia kupiga wimbi. Unamkumbuka, yule aliyekuwa karani wa kupima majani pale kituo cha chai, mrefu, haongei. Mkewe alifariki zamani. Kazi ilipoisha nikampikia wali, kama kawaida. Kwamboka akaniuliza mbele yake, "Mwalimu, huyu mzee utamlisha wali mpaka lini?" Mimi nikaenda kufukuza kuku ambao hawakuwa wamefanya chochote.

Darasa lako liende vizuri.

Shangazi yako


Jeonju
22 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Natumaini goti limeacha kelele. Mimi nimeshiba kwa wiki nzima na bado nimeshiba.

Barua yako haijafika, na tarehe 12 haikungoja. Ikabidi nitunge. Nilisimama mbele ya watu arobaini nikasema kwetu wakati wa mavuno mgeni hula kwanza, mwenye nyumba akiwa amesimama. Si ndivyo, Shangazi? Au karibu na hivyo? Wote waliandika. Mmoja aliniuliza mwenye nyumba husimama kwa muda gani. Nikasema dakika kumi.

Adhabu ikaja upesi. Tarehe 17 ilikuwa Chuseok, sikukuu yao ya mavuno. Mji mzima unarudi kijijini, barabara zinajaa, na mji unabaki na paka na wanafunzi wa kigeni. Mwenye nyumba wetu ni bibi wa miaka themanini, tunamwita Halmoni, ndiyo bibi kwa lugha yao. Alitukuta mimi na Naa tukila tambi za pakiti, akatuuliza kama hatuna kwetu. Akatubeba mpaka kwa wanawe.

Usishtuke, sikusujudia kaburi lolote. Wao hupanga meza ya waliotangulia, mchele mpya, samaki, matunda yote yakiangalia upande mmoja, wanainama, halafu ndio familia inakula. Nilisimama nyuma na kuimba kimoyomoyo wimbo wa nyumbani. Lakini ilipofika saa ya kula, Halmoni alikuwa amesikia kuhusu hotuba yangu! Alinikalisha mimi kwanza, akanipa keki ya mchele ya kwanza, kisha yeye na wanawe wanne na wake zao na wajukuu wakasimama. Wamesimama, Shangazi! Kijana mmoja alikuwa anatazama saa. Nilizimeza zile keki bila kutafuna ili wapate kukaa.

Nimekutumia kifurushi kwa ndege. Kuna unga wa mchele, ufuta, na majani ya msonobari. Hayo majani hutandikwa chini ya keki zikipikwa kwa mvuke zipate harufu nzuri, kisha hutupwa. Hayaliwi wala hayanywewi. Barua hii naituma kwa njia ya kawaida, kwa sababu nauli ya ndege iliishia kwenye ufuta.

Sheila


Gesima
24 Oktoba 2024

Sheila,

Kaa chini kwanza.

Kifurushi chako kilifika tarehe 4. Barua yako imefika juzi tarehe 22. Katikati hapo kuna siku kumi na nane, na watu wana akili zao.

Nilifungua nikakuta majani makavu, membamba, ya kijani, yamefungwa kwenye karatasi nzuri. Mtu wa Gesima akiona majani makavu kwenye karatasi nzuri hahitaji kuelezwa. Kamati ya mavuno ya kanisa ilikuwa kwangu, watu saba. Nikachemsha. Nikatia maziwa. Nikatia sukari. Nikatangaza, "Hii ni chai ya Korea, Sheila ametuma."

Walikunywa, mwanangu. Shemasi alisema ina harufu ya kabati jipya. Halafu wote wakamgeukia Nehemiah, kwa sababu huyo amenusa majani ya nchi hii miaka thelathini. Alichukua jani akalivunja, akalinusa, akasema, "Hawa wameacha jani ikazeeka sana. Wachumaji yao hawafuati majani mawili na kichipukizi." Akaongezwa kikombe cha pili, akakimaliza chote. Kwamboka alikunywa vitatu na anasema magoti yake yamelainika. Anaomba nyingine. Sasa mimi nitamwambiaje mama wa watu kwamba nimemnywesha tandiko?

Nehemiah peke yake ndiye nilimwambia ukweli. Alicheka mpaka akashika mti. Sijawahi kumwona akicheka. Ana meno mazuri.

Na wewe! Dakika kumi! Barua yangu sasa unayo, umeona ulivyowadanganya wasomi. Kwetu ni kinyume kabisa. Nenda kamwombe yule bibi msamaha, miguu ya mtu wa miaka themanini si ya kuchezewa.

Siku ya Mashujaa kwaya yetu ya walimu wastaafu ilialikwa kuimba Kenyenya. Hema lilikuwa la wakubwa, sisi tulipangwa juani. Nehemiah alikuja kutoka huku mpaka huko akibeba kiti changu na mwavuli, akasimama nyuma yangu akinishikia kivuli hotuba nne nzima. Watu wote wa Kenyenya waliona. Niliimba sauti ya pili vibaya sana.

Hakuna lingine la kusema.

Shangazi yako


Jeonju
15 Novemba 2024

Shangazi yangu mnywesha watu misonobari,

Nimesoma barua yako ndani ya basi na dereva alisimamisha kuniuliza kama naumwa. Naa ametaka nimsomee tena. Na tena! Mwambie Kwamboka kwamba halikuwa tandiko, ilikuwa dawa. Nimeuliza, msonobari hauna sumu.

Nilimwendea Halmoni nikaungama. Alinisikiliza, akasema alijua ni uongo tangu mwanzo kwa sababu niliona haya, ila alitaka kuwaona wanawe wakisimama mara moja maishani mwao.

Mhadhiri wetu mmoja ni Mkanada. Oktoba alitualika kwenye shukrani za mavuno za kwao. Wao hukaa mezani na bata mzinga, na kabla ya kula kila mtu anataja jambo moja analoshukuru. Ilipofika zamu yangu nikasema, "Shangazi yangu." Nilitaka kuongeza neno, nikaishia kumtazama bata na machozi. Wakadhani ni njaa.

Nimehesabu, Shangazi. Katika barua ya Septemba umemtaja Nehemiah mara moja. Ya Oktoba, mara tatu, pamoja na meno yake. Ulinifundisha mwenyewe kwamba jina linalorudiwa ndilo kiini cha habari. "Hakuna lingine la kusema" huiandika mtu mwenye mengi.

Nakuuliza wazi. Kuna nini?

Hapa kwangu hakuna habari. Masomo yanaisha Agosti, mengine tutaona.

Sheila


Gesima
15 Desemba 2024

Sheila,

Mvua ni nzuri. Chai inachipuka vizuri. Ndizi mbili zimeanguka kwa upepo. Goti halijambo. Jogoo amepata mchumba kwa Kwamboka na hatulali. Nimepaka dari rangi. Krismasi nitapika maharagwe na ndizi. Umesema "mengine tutaona". Na mimi nimeona kwamba hukusema ni mengine gani. Sitauliza.

Haya. Umeuliza wazi.

Siku ya Jamhuri tulikuwa kwenye uwanja wa shule. Wimbo wa taifa ukaanza, tukasimama. Nehemiah alikuwa kando yangu, mikono imenyooka, macho mbele kwenye bendera. Ubeti wa kwanza ukiisha akasema, bila kugeuza shingo, "Nyamoita, naomba tuoane." Sheila, alichagua wimbo wa taifa! Alijua nimesimama wima, siwezi kuondoka, siwezi kusema, siwezi hata kufukuza kuku. Ubeti wa pili na wa tatu nilizisikia kwa mbali. Miaka sitini na moja sijaolewa, na sikuwahi kuona ni upungufu, halafu mtu ananifanyia hivyo mbele ya bendera.

Tulipokaa akaongeza kwamba yeye ndiye atahamia kwangu, nisiache chai yangu. Mwanamume wa Kisii! Kwamboka alisikia, akakosa pumzi, akapepewa na programu ya sherehe.

Nikamwambia siwezi, kuna neno nilimpa mtoto. Hakuuliza neno gani. Alisema atangoja jibu mpaka wimbi jipya la mwaka ujao, na tangu hapo hajanikumbusha.

Hilo neno labda wewe umelisahau. Ulikuwa umepitishwa nyumba nne kwa mwaka mmoja baada ya kuwazika kaka yangu na mama yako. Ulifika hapa Agosti 2002 na mfuko wenye gauni mbili. Nilikwambia uvue viatu ukakataa. Ulidhani hukai. Nikakupa wimbi jipya ukiwa na viatu vyako miguuni. Ulipomaliza ukaniuliza, "Hapa kuna mtu mwingine atakuja, ndio mimi niende?" Nikakwambia hakuna, hapa ni mimi na wewe tu. Ndipo ukavua.

Neno ni neno. Usinijibu upesi.

Shangazi yako


Jeonju
2 Februari 2025

Shangazi,

Najibu upesi.

Wiki hii ilikuwa mwaka mpya wa huku, wa kufuata mwezi. Watu wanakula supu ya vipande vya mchele na kila anayekula huongeza mwaka mmoja. Halmoni alinipa bakuli mbili, kwa hiyo sasa nina umri wa kutosha kuzungumza na wewe.

Sikulisahau. Nakumbuka hata viatu, vilikuwa vya bluu na cha kulia kilinibana. Sikujua tu kwamba umekaa umelibeba lile neno miaka ishirini na mbili. Nililia sana nilipofika hapo, halafu nikafika tena kwenye wimbo wa taifa nikacheka, na Naa akafunga mlango wake.

Yule mtoto ni mimi, Shangazi. Nina miaka ishirini na tisa na hakuna mtu anayeweza kunitoa kwako hata akija na mizigo yake yote. Nakurudishia neno lako. Limetumika vizuri, halina hata mkwaruzo. Mkubali yule mzee. Mtu aliyekunywa vikombe viwili vya msonobari na maziwa kwa ajili yako, unataka anywe nini tena?

Na sasa langu. Maabara ya hapa wananitaka nibaki miaka mitatu baada ya masomo. Kazi ni nzuri sana na naipenda. Nimewaambia nafikiria, lakini ukweli nilikuwa nimekataa moyoni kwa sababu yako. Nilikuona mlangoni peke yako kila Agosti na sahani mbili. Sikuweza kukuandikia.

Niambie unavyoona.

Sheila wako


Jeonju
1 Juni 2025

Shangazi,

Heri ya Madaraka. Tangu Februari tumeongea kwa simu mara tisa, na mara zote ni mvua. Sasa najua kila tone lililoanguka kaunti yetu ya Nyamira.

Ile barua yangu ya Februari umeikasirikia? Kama ni ile miaka mitatu, sema tu na narudi. Wanataka jibu mwisho wa Agosti.

Sheila


Gesima
17 Agosti 2025

Sheila mwanangu, roho yangu,

Barua gani ya Februari?

Ndivyo nilivyosema nilipopata kile kikaratasi chako mwisho wa Juni. Mimi nilikuwa nimekaa miezi sita nikidhani umechukia habari ya Nehemiah. Nikasema mtoto amenyamaza, basi jibu ndilo hilo, na nikajifunga mdomo. Kila ukipiga simu nasikia sauti yako naogopa, nakimbilia mvua. Siku moja nilikwambia inanyesha na jua lilikuwa linanichoma kichwani. Mungu anisamehe.

Nilitoka na kanga ya jikoni mpaka shuleni, kwa sababu sanduku letu la posta ni la shule. Mwalimu mkuu wa zamani amehamishwa Machi, wa sasa hajui lolote. Tulifungua kabati, tukafungua droo, tukatoa vyeti vya watoto ambao sasa ni babu. Barua yako ilikuwa chini ya kikombe cha mashindano ya kwaya, imelala pale kama yai. Niliisomea hapo hapo, nimekaa kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yamefika kidevuni. Nililia na kucheka mpaka kengele ikapigwa na watoto wakanikuta. Mmoja akauliza, "Mwalimu, nani alikuchapa?"

Sikumwambia Nehemiah kitu, na wewe nawe nikakungojesha. Jibu lake lina siku yake.

Siku ilikuwa juzi Ijumaa. Alikuja asubuhi kupiga wimbi, hakuuliza, hakutazama hata upande wangu. Nilisaga kwa jiwe mwenyewe, goti likilalamika. Nikapika. Kwamboka alikuja kuazima chumvi mara tatu, ana chumvi ya mwaka mzima. Mezani Nehemiah alinawa mikono akakaa pale pale anapokaa kila siku, karibu na mlango, mahali pa mgeni. Akakunja leso yake magotini kungoja wali.

Nikaweka ekee mbele yake. Nikafunua.

Aliliinamia lile obokima. Moshi ulikuwa unampanda usoni, sijui ni moshi au ni nini, macho yake yalikuwa na maji. Akasema polepole, "Mwalimu, leo hakuna wali?"

Nikamwambia, "Wali ni wa wageni."

Aliinuka, akabeba kiti chake, akakitoa mlangoni akakileta ndani upande wangu. Ndipo akamega. Sheila, nilimegeka mimi. Kwamboka alipiga vigelegele dirishani, hakukumbuka kwamba alikuwa amejificha. Jogoo akaitikia. Kilima kizima kilijua kabla hatujamaliza kula.

Tutafungishwa ndoa kanisani Jumapili tarehe 14 Desemba, wiki ya Jamhuri. Nimemwonya kwamba wimbo wa taifa ukiimbwa asifungue mdomo isipokuwa kuimba. Utakuja uvae lile gauni la kijani, safari hii uwanja upo na hotuba zipo.

Na hiyo kazi, ikubali. Ikubali leo, kabla ya kumaliza kusoma ukurasa huu. Ulikuwa unaniona mlangoni na sahani mbili. Sasa ni tatu, na yako haiondolewi mezani hata ukae huko mpaka unyauke. Naa na Halmoni nao waje siku moja. Halmoni atapikiwa wali, atakula kwanza, na mimi nitasimama dakika kumi, kwa sababu tayari umetuandikisha huko.

Kwenye kopo hili, ninalolituma kwa ndege likuwahi kabla ya mwisho wa mwezi, kuna unga wa wimbi jipya, wa jiwe, kutoka kwenye kisago kile kile cha Ijumaa. Nehemiah ndiye aliyefunga kamba, utaona, amefunga kama gunia la majani chai. Tafadhali usiwape watu kama chai. Posta ikikufikishia, ingia nalo jikoni moja kwa moja, pika, ule ukiwa na viatu vyako miguuni, kama siku ile. Wakati ule hukuvua kwa sababu ulidhani hukai. Leo nataka ujue kwamba hata ukiwa umevaa viatu, tayari kwa safari, wewe ni wa nyumba hii.

Najua huko viatu huachwa mlangoni. Mwambie Halmoni anisamehe, ni mara hii moja tu.

Shangazi yako Nyamoita,
na Nehemiah, ambaye amesoma yote akasema hana la kuongeza